Udongo wa mfinyanzi nao hupasuka: vyoo na visima vipimwe upya kabla ya mvua

KALEMIE. Mwishoni mwa kiangazi, udongo wa mfinyanzi wa mabondeni hupasuka hadi mtoto anaweza kuingiza vidole ndani ya ufa. Hata hivyo, vyoo vinapochimbwa karibu na kambi za wakimbizi wa ndani, mara nyingi husikika neno moja: "Hapa ni mfinyanzi, maji hayapiti." Neno hilo ni nusu ya ukweli, na mji unaoijua kolera tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hauwezi kuishi kwa nusu.

Nusu ya kwanza ni hii. Chembe ya mfinyanzi ni ndogo kuliko sehemu mbili kati ya elfu moja za milimita, na nafasi kati ya chembe ni ndogo zaidi. Ndani ya bonge zima lisilo na ufa, maji husogea labda sentimita chache kwa mwaka, na mdudu wa kolera anakwama. Kinachoendelea kupita ni vitu vilivyoyeyuka, kama chumvi, vikisambaa polepole kama sukari kwenye chai isiyokorogwa. Adolf Fick aliandika kanuni ya kusambaa huko mwaka 1855. Mwaka uliofuata Henry Darcy, aliyewaletea maji watu wa Dijon, Ufaransa, akatoa kanuni ya maji yanayopita mchangani. Katika mfinyanzi mzima, kusambaa mita moja kunaweza kuchukua zaidi ya miaka mia.

Ubelgiji wanaitegemea tabia hiyo. Kule Mol, tangu 1980, wamechimba maabara mita 225 chini ya ardhi, ndani ya mfinyanzi, ili kujua kama unaweza kushika taka za nyuklia. Lakini mfinyanzi ule umelowa na umebanwa. Ukipasuka, hujifunga wenyewe. Wa Kalemie uko juuni, unakauka kila mwaka, unatobolewa na mizizi na mchwa, na unalala juu ya mchanga wa ziwa na wa Lukuga.

Hapo ndipo hesabu hukosewa. Anayechukua udongo wa kiganja kimoja akaupima, anapata jibu la kiganja. Kiwanja kizima kina nyufa ambazo kiganja hakina, na wahandisi wamekuta mara nyingi kwamba maji kiwanjani hupita kwa kasi mara kumi, mara mia, hata mara elfu kuliko kipimo cha bonge. Kanuni si mbaya. Imelishwa namba ya mahali pengine.

Mwongozo wa Sphere, ambao mashirika ya misaada huufuata, unataka choo kikae angalau mita 30 kutoka kisimani, na chini ya shimo kubaki mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Unakubali pia umbali upunguzwe penye udongo wa chembe ndogo. Ruhusa hiyo isitumike Kalemie kwa kutazama rangi ya udongo tu. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda na kuingia kwenye nyumba za watu, wengi waliona jinsi maji yanavyoweza kulikuta shimo la choo bila kusubiri mvua.

Kipimo cha maana hakihitaji kompyuta. Shimo lichimbwe pale pale, lijazwe maji, na ihesabiwe yanashuka kiasi gani kwa saa. Lifanyike mara mbili: mwisho wa kiangazi, nyufa zikiwa wazi, na katikati ya mvua, udongo ukiwa umevimba. Anayepima wakati wa mvua peke yake atapata jibu zuri la uongo.

Na waulizwe wenye kuujua udongo: wafyatua matofali, wachimba visima, na zaidi akina mama wanaobeba bidoni. Wao ndio huona kisima kipi hubadilika rangi siku ile ile ya mvua ya kwanza. Maji yaliyochujwa na mfinyanzi mzima hayafiki kwa siku moja. Yamepita kwenye ufa, au yameingia kutoka juu kwa sababu mdomo wa kisima haukujengwa. Visima hivyo viandikwe na wahamasishaji wa afya sasa, na klorini ianzie huko kabla Oktoba haijafika.