Fundi wa Gitaa Hatoki Kwenye Flashi

Kila mwaka chuo kikifunguliwa, serikali yetu ya wanafunzi inaandaa usiku wa kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Tunakodi spika kubwa, tunamwita dijei, na tukijitutumua tunamleta msanii mwenye jina. Msanii anachomeka flashi, wimbo unaanza na sauti yake imo ndani tayari, yeye anarukaruka tu na maiki mkononi. Nusu saa, kashaondoka na bahasha. Jamani, sina ugomvi na Bongo Fleva, naisikiliza kama nyie. Ninachouliza ni hiki: kwa hela hizo zote, lini tumemwona mtu akipiga chombo mbele yetu? Napendekeza tuwe na bendi ndogo ya laivu, ukumbini kwetu, mara moja kwa mwezi.

Wazo hili si la ajabu. Nchi hii taasisi ndizo zilizolea mabendi. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilikuwa na NUTA Jazz tangu mwaka 1964, na ndiyo hiyo leo tunaiita Msondo Ngoma. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa nayo, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa nayo. Taasisi inanunua vyombo, wanamuziki wanapata mshahara, usiku wanapiga kwa kiingilio. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, ambayo jina lake lilitokana na baa ya Mlimani Park, karibu na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la jiji. Yaani Sikinde wenyewe walianzia kwenye baa ya jirani na wanachuo!

Humo ndimo walimotoka mafundi. Michael Enoch alipiga solo Dar es Salaam Jazz kabla ya kuwa nguzo ya Mlimani Park. Mbaraka Mwinshehe aling'ara Morogoro Jazz, akaunda Super Volcano mwaka 1973, na alipofariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979 alikuwa na miaka 34 tu. Miaka 34, na mpaka leo ukisikia gitaa lake unalitambua kabla hajaanza kuimba. Ufundi wa namna ile unajengwa na usiku mwingi wa kupiga mbele ya watu.

Ukitaka kujua kwa nini, sikiliza wimbo wa dansi ulivyojengwa. Mwanzo waimbaji wanatoa kisa taratibu, gitaa la solo linawajibu. Kisha linaingia chemko, mwendo unapanda, watu wanajaa katikati. Ukumbini chemko halina dakika zilizopangwa. Mpiga solo anaangalia miguu ya wachezaji. Wakichangamka, anaongeza. Wakianza kurudi kwenye viti, anabadilisha pigo au anawapa ishara wenzake wafunge. Mpiga rithimu aliyesimama pembeni yake anaona yote hayo, na siku solo akiugua, yeye ndiye anayesogea mbele.

Sisi wa elimu tuna jina la kitu hicho. Darasani tunasomeshwa Vygotsky, kwamba mtu anapiga hatua akifanya kazi bega kwa bega na aliyemzidi. Na hakuna anayetuita walimu mpaka twende mafunzo kwa vitendo, tusimame mbele ya wanafunzi wa kweli wanaosinzia, wanaocheka, wanaouliza swali ambalo hukulitegemea. Mpiga gitaa aliyejifungia chumbani na simu anaweza kuwa na vidole vyepesi sana, ila hajaenda mafunzo kwa vitendo. Ukumbi mdogo ndio darasa lake, nasi ndio wanafunzi wanaosinzia.

Kwetu Bagamoyo, kilomita kama 70 kaskazini mwa Dar, kipo chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, siku hizi TaSUBa. Vijana wa muziki wapo. Namjua mmoja, galacha wa solo, alikuwa anapiga na wenzake watatu kwenye baa moja yenye meza kama kumi. Mwaka jana nilikwenda mara tatu likizoni. Watu walikuwa wanasogea mpaka miguuni kwake, wanamtuza elfu, elfu mbili. Mwaka huu mwenye baa kapiga hesabu: watu wanne wa nini, wakati ngoma na besi zinapatikana kwenye flashi? Sasa jamaa anapiga peke yake, flashi ndiyo bendi. Wenzake wamerudi makwao. Nilipomsikiliza, kila wimbo uliisha pale flashi ilipoisha, hata watu wakiwa wamekolea. Fundi anaburutwa na flashi! Huyo tusipomwangalia, miaka mitano ijayo ataacha kuwaangalia wachezaji, maana haimsaidii kitu.

Najua mtakachosema. Bumu lenyewe halitoshi, na dansi ni mambo ya wazee. La kwanza ni kweli, ndiyo maana sisemi tulete bendi kubwa ya watu ishirini. Watu watano wanatosha: solo, rithimu, besi, ngoma na mwimbaji. Kiingilio elfu mbili, kantini iuze chipsi na soda. La pili silikubali. Bendi hiyo ipige Bongo Fleva tunazozipenda, ipige na Sikinde, mradi zipigwe na mikono ya watu. Kijana wa miaka ishirini hajakataa dansi, hajawahi kusimama mita mbili kutoka kwenye gitaa la solo chemko likiingia.

Kwa hiyo kikao cha bajeti kikikaa, naomba waziri wetu wa michezo na burudani apeleke mambo mawili. Fungu la msanii mmoja wa flashi lihamishiwe kwenye ngoma seti moja na spika mbili za magitaa, viwe mali ya wanafunzi. Kisha iandikwe barua Bagamoyo, tuombe vijana wanaomaliza muziki waje kutupigia kila mwisho wa mwezi, kwa malipo, si kwa nauli na asante. Wa kwetu wenye magitaa mabwenini, na nawajua mpo, mtasimama pembeni kwenye rithimu. Mkipewa ishara, msogee mbele.