Mbwa wa Kipofu na Twahara ya Dereva

Ijumaa iliyopita, sebuleni kwa jamaa mmoja mjini London, walipokutana wenzetu wa Mombasa na Unguja kunywa kahawa, bwana mmoja mwendesha teksi alitusimulia, kwa fahari ya mtu aliyerudi jihadi, kwamba alimwona kipofu amesimama mvuani na mbwa wake, naye akapita zake. Na waliohudhuria, badala ya kumtahayarisha, wakamwambia mashaallah.

Hii ni elimu ya chuo gani? Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 yamlazimisha dereva wa teksi kumchukua mbwa wa msaada pamoja na bwana wake bila kuzidisha nauli, na akikaidi faini yake yaweza kufika pauni 1,000. Asamehewaye kwa nafsi yake ni mwenye cheti cha maradhi, kama pumu, wala si mwenye cheti cha ucha Mungu. Lakini tuiache sheria ya Waingereza. Sura ya Maida imetuhalalishia windo la mbwa aliyefunzwa: nyama iliyopita baina ya meno yake twaiosha, twaila, twashukuru, kisha mwenzetu achelea mbwa huyo asilale chini ya kiti! Aliyefunzwa, ndilo neno lenyewe, nalo ndilo waliloshika watunga sheria. Mbwa wa kipofu amefunzwa kusimama ukingoni mwa njia na kumwepusha bwana wake na nguzo, kazi ambayo binadamu wengi wa Mombasa, wamwonapo kipofu barabarani, hawaijui. Na akilowa, mkeka wa gari huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Mchanga haujaadimika London.

Mmoja akaniletea hoja ya tausi. Kweli, mwaka 2018 huko Newark, Marekani, mwanamke alitaka kupanda ndege na tausi wa kumliwaza, na tangu Januari 2021 mashirika ya ndege ya huko yameruhusiwa kuwahesabu wanyama wa liwazo kuwa wa kufugwa tu. Vema! Tausi hakufunzwa kitu, na abaki bandani. Kipofu ana dhambi gani ya tausi?

Mwingine akasema malaika hawaingii palipo na mbwa. Nikamgeukia dereva, nikamwuliza baada ya kipofu alimpakia nani. Walevi watatu, akasema, na mmoja alitapika kitini. Nikamwuliza kiti alikiosha mara ngapi.

Mara moja, akajibu, kwa sabuni.