Mgonjwa wa kisukari naye aulizwe hali ya moyo wake

Tumezoea kuzungumza hapa juu ya maji safi, vyoo na lishe. Leo tuangalie maradhi yasiyoonekana kwa macho, nayo ni huzuni na kukata tamaa kunakowaandama watu wenye magonjwa ya kudumu.

Mwenye malaria hutibiwa akapona. Lakini mwenye kisukari, presha au virusi vya UKIMWI huambiwa kuwa dawa ni ya maisha. Mzigo huo si mdogo. Tafiti zimeonyesha kuwa sonona huwapata wenye kisukari karibu mara mbili zaidi ya wasio nacho. Naye mwenye sonona hupuuza dawa, hali vizuri na huacha kwenda kliniki. Sukari inapanda, na moyo unazidi kuvunjika.

Chukua mfano wa mgonjwa wa hapa Sigino. Siku ya kliniki atapimwa, atapewa dawa na tarehe ya kurudi. Baada ya hapo ni yeye na mawazo yake, hasa msimu wa mbaazi ambapo kila mtu yuko shambani. Nani anamuuliza hali katikati ya tarehe hizo mbili?

Wapo wanaosema jibu ni programu za simujanja zinazozungumza na mgonjwa zenyewe. Mimi nasema tusianzie huko. Wazee wetu wengi wanatumia kitochi, na bando ni ghali. Isitoshe, programu hizo hufungwa. Woebot ya Marekani, iliyoanza mwaka 2017 na kupata sifa nyingi, ilifungwa Juni 2025.

Tunao mfano wa karibu zaidi. Kati ya mwaka 2007 na 2009, kliniki tatu za Nairobi na Kajiado nchini Kenya zilifanya utafiti ulioitwa WelTel kwa wagonjwa 538 walioanza dawa za UKIMWI. Nusu yao walitumiwa kila wiki ujumbe mfupi wa neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya siku mbili, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida", na aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010: waliotumia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 kwa waliotumiwa ujumbe, na asilimia 50 kwa wasiotumiwa.

Utafiti ule ulipima dawa, haukupima sonona. Lakini zingatia kilichofanyika. Ujumbe haukumkumbusha mtu kumeza vidonge. Ulimjulia hali, na nyuma yake alikuwapo binadamu wa kumsikiliza. Bila mtu huyo, simu isingefaa kitu.

Kwa hiyo nashauri jambo lisilo na gharama kubwa. Kliniki za kisukari na presha zinazohudumia watu wa Sigino ziwe na simu moja, vocha, na muuguzi mmoja aliyepangiwa saa maalumu kila wiki kwa kazi hiyo, si kuongezewa juu ya kazi nyingine. Asiye na salio abip, apigiwe. Mzee anayezungumza vizuri zaidi Kigorowa au Kiiraqw apigiwe na anayeijua lugha yake.

Siri nayo ilindwe. Katika nyumba nyingi simu ni ya kijana, si ya mgonjwa. Ujumbe usitaje ugonjwa, na namba isichukuliwe bila ridhaa. Tangu mwaka 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa za afya zimo.

Muuguzi anaweza kuanza na maswali mawili yanayotumika sehemu nyingi duniani. Je, katika wiki mbili zilizopita umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda? Je, umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Akijibu ndiyo, aonwe na mtaalamu. Akisema anatamani kufa, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna ndugu zetu wanaosema huzuni ni upungufu wa imani. Hao wamkumbuke Nabii Yaqub (A.S.), aliyelia kwa kumkosa mwanawe hata macho yake yakapofuka, naye ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Dua na dawa hazigombani.

Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu, na simu haiiondoi haki hiyo. Kamati za misikiti zinaweza kuchangia vocha hizo. Halmashauri ya Mji wa Babati, kwa upande wake, iingize saa za muuguzi huyo katika bajeti ijayo, kwani mchango wa waumini hauwezi kulipa mshahara.