Bonde la Malagarasi na Kamera Zetu

Mgeni afikapo Ujiji huonyeshwa mnara uliojengwa mahali walipokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871. Huupiga picha mnara, huipiga picha miembe, kisha huenda zake. Hatuna ugomvi na mnara ule. Lakini shehena ya Stanley haikujibeba.

Ililetwa na wapagazi. Njia ya kutoka Bagamoyo kupita Tabora na bonde la Mto Malagarasi hadi ziwani ilikuwa zaidi ya kilomita 1,000, na mpagazi aliikanyaga akiwa na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushei. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, watu waliopatana ujira kabla ya kuondoka, na walioweza kutua mizigo njiani na kukataa kuendelea mpaka wapewe posho yao. Sisi tunaozungumza kila siku juu ya haki za mfanyakazi, ni wangapi kati yetu tumewahi kuwataja watu hawa katika mikutano yetu?

Katika njia hiyo hiyo walipita pia wasio na ujira wowote: mateka waliotolewa Manyema, wakavushwa ziwa, wakateremshwa Ujiji, wakapelekwa pwani pamoja na pembe za ndovu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka 1922.

Bonde lenyewe halikuwa shwari. Katika vivuko vya Malagarasi watemi wa Uvinza walidai hongo kabla ya kumvusha mtu, na Stanley alilipa kama wengine. Wasafiri wa Kizungu waliwaandika watemi hao kama wanyang'anyi. Sisi twauliza: ni nchi gani isiyotoza ushuru mpakani mwake? Wala tusiwatakase kupita kiasi, maana hongo ya msafara wa watumwa nayo ilipokelewa. Mwaka huo huo wa 1871 vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora viliifunga njia ya kawaida, na bunduki zikazidi kuwa na neno la mwisho. Mwaka 1916 Wajerumani walizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na mdomo wa mto huu. Iliibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Hata hivyo bonde hili si kaburi tu. Pale Uvinza, Mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, pana chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamezichemsha kwa zaidi ya miaka 1,000, wakitoka mbali wakati wa kiangazi kuja kujitafutia mahitaji yao.

Tangu mwaka 2006 njia hii ya biashara ya watumwa na pembe, Ujiji ikiwemo, imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya urithi wa dunia. Orodha haitembei kwa miguu. Tunawataka vijana wa Kigoma, walimu na wafanyakazi walio likizoni waingie bondeni wenyewe na kamera zao, hata ikiwa ni ya simu. Wasiridhike na jua linalozama ziwani. Picha hizo zimejaa kila mahali. Wapige vivuko, visima vya chumvi na miembe mikongwe ya njiani. Wapige hodi kwanza, waombe ruhusa, kwa kuwa mvuvi na mchemsha chumvi si wanyama wa mbugani. Wakae na wazee, waandike walichoambiwa na siku waliyoambiwa.

Kisha picha hizo zipelekwe katika makumbusho ya Ujiji, zitundikwe karibu na sanamu za wale Wazungu wawili, na chini ya kila picha liandikwe jina la mahali kama Wavinza na Waha wanavyopaita.