Hedifoni Zangu Hazimzuii Rubani

Mwandishi aliyetuasa tuache hedifoni zetu nyumbani tupandapo ndege, eti aliyeziba masikio hasikii tangazo la dharura, ametushitaki bure. Hedifoni ikishachomekwa kwenye kiti, tangazo la rubani hukatiza filamu na kupita humohumo masikioni. Mfumo haujali kama umeinunua mwenyewe au umepewa na shirika.

Sisi wa Songea hoja hii tunakutana nayo mbali. Q400 ya Air Tanzania inayotupeleka Dar es Salaam, ile ya pangaboi yenye viti 76, haina skrini kwenye viti. Skrini ziko kwenye Boeing 787 ya kwenda Mumbai au Guangzhou, na huko ni saa nyingi za ngurumo. Aliyevaa hedifoni za bure, nyepesi kama ganda la karanga, hupandisha sauti hadi mwisho ili ashindane na injini. Sasa nani hasikii? Hedifoni nzuri inayopunguza ngurumo humwezesha mtu kusikiliza kwa sauti ya chini, na masikio yake yakapona.

Kuna kero ya kweli ambayo hakuigusa: viti vingine vina matundu mawili, ukichomeka pini moja unaweza kusikia upande mmoja tu. Beba adapta. Wahudumu wakisema vua, vua.

Kalamu yake aielekeze kwa wanaofungulia video za simu bila hedifoni yoyote, tangu kwenye basi la Makambako hadi angani.