Simu ikitoka kituoni, funguo za barua pepe zibadilishwe

WATENGENEZAJI filamu wanne walipokamatwa jijini Nairobi mnamo Mei 2, 2025, polisi walitwaa vifaa vyao, zikiwemo simu. Septemba mwaka huo, watafiti wa Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto, Canada, walieleza kuwa programu ya ujasusi iitwayo FlexiSPY iliwekwa katika baadhi ya simu hizo zikiwa bado mikononi mwa polisi.

Kisa hicho kina funzo hata kwa mkazi wa Chawia, Kaunti ya Taita Taveta, anayemwandikia wakili wake kuhusu kesi ya shamba.

Wanaoficha barua pepe zao kwa mfumo wa PGP, uliobuniwa na Mmarekani Phil Zimmermann mwaka 1991, hutegemea funguo mbili. Ufunguo wa umma hugawiwa yeyote, naye huutumia kufunga barua. Ufunguo wa siri hubaki na mpokeaji, nao ndio pekee unaoifungua.

Hivyo, anayenakili ufunguo wa siri na kunasa nenosiri lake aweza kusoma kila barua aliyoipata iliyofungwa kwa ufunguo huo, hata za miaka iliyopita.

Kutengeneza ufunguo mpya pekee hakutoshi. Wakili asipoarifiwa ataendelea kutumia ule wa zamani. Ndiyo maana hati ya kubatilisha ufunguo yafaa kutayarishwa mapema na kuhifadhiwa mbali na kompyuta, hata kwa kuchapishwa karatasini. Anayepoteza ufunguo wake bila hati hiyo huwa hana namna ya kuubatilisha mwenyewe. Isitoshe, ufunguo uwekewe tarehe ya mwisho, ili ukipotea usiendelee kutumiwa milele.

Ufunguo mpya nao utengenezwe kwenye kifaa salama, si kile kilichorudishwa. Wakili athibitishe alama zake ana kwa ana, kwani yeyote aweza kuunda ufunguo kwa jina la mwingine. Ule wa zamani usitupwe; bila huo, barua za awali hazisomeki tena.

Ni kweli kuwa Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano. Hata hivyo, haki hiyo mara nyingi hudaiwa mahakamani baada ya siri kuvuja. Kesi ikisubiri hukumu, mwenye ufunguo ndiye anayeweza kuzuia barua ya kesho isisomwe.