Paka Naye Ana Haki ya Kuagwa

Na mwanachama wa Kidato cha Nne

Najua wapo watakaosoma kichwa cha makala haya wakacheka. Nawaruhusu wacheke. Nimekwisha chekwa vya kutosha tangu muhula wa tatu mwaka 2025, na kicheko hakijaniua. Nilipowaambia wenzangu bwenini kwamba likizoni tulimzika paka wetu, mmoja aliangua kicheko akasema, "Ati mlimzika? Maze, paka hutupwa!" Basi haya ndiyo majibu yangu kwake, na kwa wote wenye fikira kama yake.

Hoja yangu ni kwamba mnyama aliyezeeka mikononi mwetu akaugua ghafla anastahili kuagwa. Anastahili kukaliwa karibu anapoumwa, kupunguziwa uchungu na kuzikwa. Watoto wa nyumba nao wanastahili kuambiwa ukweli. Kumtia guniani na kumtupa jalalani, kisha kumwambia mtoto "paka amehama", ni tabia mbaya hata kama wengi wetu tumekulia humo.

Paka wetu aliitwa Balozi. Nyanya yangu, ambaye sisi Wagiriama humwita Hawe, alimpa jina hilo kwa sababu hapakuwa na boma kijijini ambalo hakulizuru. Ngozi yake ilikuwa na mabaka kama gamba la mti. Paka wa namna hiyo kwetu huitwa kadzonzo, na hutoka upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke. (Mwaka 1978 Mzungu mmoja aliyeishi huku pwani aliokota vitoto vyao, na leo mbegu yao hufugwa Ulaya na Marekani kwa jina la Sokoke na kuuzwa kwa pesa nyingi. Sisi wenyewe tunawarushia mawe.) Balozi alizaliwa mwaka 2009 chini ya uchaga wa Hawe. Alifariki Agosti 2025, akiwa na miaka 16, ambayo kwa binadamu ni kama miaka 80. Alikuwa mzee hasa. Alilala kutwa nzima, na kuruka dirishani kulikuwa kumemshinda zamani.

Sasa jambo lenyewe. Ijumaa jioni alikula omena wake kama kawaida, akajilaza kandokando ya jiko. Alfajiri tuliamshwa na kilio ambacho sijawahi kusikia kwa paka yeyote. Tulipomulika tulimkuta akijikokota kwa miguu ya mbele, ile ya nyuma ikiburuta kama kamba. Niliishika. Ilikuwa baridi kama maji ya mtungi, na nyayo zake zilikuwa zimegeuka rangi ya samawati.

Jirani yetu alikuja mbio, na kwa nia njema kabisa akatoa tembe ya Panadol. "Mpe nusu, ataona nafuu." Hapa naomba kila msomaji afungue masikio. Usimpe paka Panadol kamwe, wala nusu, wala robo! Ini la paka haliwezi kuivunjavunja dawa hiyo kama ini letu. Damu yake hugeuka rangi ya kahawia na kushindwa kubeba hewa mwilini, na tembe moja tu yaweza kumuua. Bahati nzuri Mjomba alikuwa na nambari ya simu ya daktari wa mifugo, naye alitukataza kabla hata hatujamaliza kumweleza.

Hawe akamtia Balozi katika kikapu cha ukindu, nami nikapanda naye bodaboda hadi mjini. Daktari yule, ambaye siku nyingi hushughulika na mbuzi na ng'ombe, alimpapasa mapajani akitafuta mpigo wa damu. Hakuupata. Akatueleza kwa upole kwamba moyo wa paka mzee waweza kuugua kimyakimya bila mtu kujua. Ndani ya moyo huo damu huganda, kisha siku moja bonge lile hung'oka likashuka na mshipa mkubwa, likakwama pale unapogawanyika kuelekea miguu miwili ya nyuma. Miguu hukosa damu papo hapo, na uchungu wake ni mkali mno. Ndiyo maana jioni alikuwa mzima na alfajiri hoi. Wachache hupona, na wengi kati ya hao hurudiwa na maradhi. Kwa umri wa Balozi, alisema, kulikuwa na njia mbili tu: kumrudisha nyumbani afe kwa mateso, pengine siku nzima, pengine siku tatu, au kumdunga sindano alale asiamke tena.

Nilimpigia Hawe simu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu: "Hiyo sindano itamuuma?" Daktari akajibu kwamba atahisi mchomo, basi. Hawe akasema, "Mshike kichwa wewe, asishikwe na mgeni." Nilimshika. Haikuchukua hata dakika mbili. Malipo yalikuwa bei ya jogoo mmoja, na kweli jogoo aliuzwa.

Juu ya sindano hiyo najua kuna ubishi. Wapo wasemao kwamba uhai hautolewi na mwanadamu. Nawaheshimu, lakini nawauliza: mnapomwacha mnyama alie siku tatu chini ya uchaga, huko ni kuheshimu uhai au ni kuogopa kuona? Watu wengi husema paka mgonjwa "huenda zake kufa mbali" kwa hiari, ati hiyo ndiyo desturi yake. Si kweli. Paka hujificha akiumwa kwa sababu mnyama dhaifu porini huliwa, na silika hiyo bado imo mwilini mwake. Huko kujificha sisi tumekugeuza udhuru. Tunasema amehama, kumbe yuko chini ya mkorosho hatua hamsini kutoka mlangoni akiungua jua.

Na kuna wabaya zaidi, wale wanaomfunga guniani angali hai na kwenda kumbwaga kando ya barabara. Hao ningewakumbusha kwamba Kenya inayo sheria, Sura ya 360, inayokataza kuwatesa wanyama. Lakini sijui ni nani kijijini kwetu aliyewahi kushtakiwa kwayo. Kwa hiyo nawakumbusha tu kwamba tunawaona.

Hapa shuleni tulipoyazungumza mambo haya chamani, watetezi wote wa paka walishikilia panya. Eti paka aheshimiwe kwa kuwa analinda mahindi. Mimi sikubaliani na watetezi hao, ijapokuwa walikuwa upande wangu. Balozi hakuwa amekamata hata panya mmoja kwa miaka mitatu. Panya walikuwa wakipita mbele yake na yeye akiwatazama tu kama mstaafu anayetazama magari. Tukimpima kwa panya, basi angetupwa zamani. Hawe hakumpima hivyo. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, nao hawakuongeza "mradi awe anakamata panya".

Wengine walisema kumlilia paka ni mambo ya Kizungu. Jamani! Herodotus, Myunani aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, aliwakuta watu wa Misri wakinyoa nyusi zao paka wa nyumba anapokufa, na Misri ni Afrika hii hii. Huko kisiwani Cyprus, wachimbaji wa mambo ya kale walipata kaburi la miaka 9,500 hivi, mtu amezikwa na paka kando yake. Walitangaza habari hiyo mwaka 2004. Na Hawe wangu, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Mombasa, hajamsikia Herodotus wala hamhitaji.

Hoja iliyonipa taabu ni moja tu, na sitaikwepa. Mwenzangu mmoja alisimama akasema: "Kwetu Ganze watu wanalala njaa ukame ukija, na wewe unauza jogoo kwa ajili ya paka?" Ukumbi ulinyamaza. Sina jibu la kumfurahisha. Jogoo alikuwa wa Hawe na Hawe ndiye aliyeamua. Lakini asiye na jogoo bado ana jembe. Shimo ni kazi ya nusu saa. Kumwambia mtoto ukweli hakugharimu hata senti. Mengi niyatakayo hayahitaji mfuko.

Tena kuna jambo ambalo sikulisema siku ile mbele ya wote, ila nitaliandika. Niliporudi na kikapu, Mjomba alimvuta Hawe pembeni. "Mama, tungoje usiku. Mwanamke mzee, mvi kichwani, anazika paka uani mchana! Watu watasema mengi." Asiyetoka kwetu huenda asielewe maneno hayo. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi kinachotakiwa ni shamba lao. Kule Ganze, Kaya Godoma, palianzishwa makao ya kuwahifadhi waliokimbia. Mzee kwetu hawezi hata kuwa na macho mekundu ya moshi wa kuni bila mtu kunong'ona. Mjomba hakuwa mjinga, alikuwa anaogopa.

Hawe akamjibu kwa sauti ambayo boma zima lilisikia: "Wanaosema waje wasemee hapa, niwasikie." Akachagua saa kumi alasiri, watu wakiwa wanatoka mashambani, na mahali penyewe chini ya mwembe ulio kando ya njia. Alitaka waone. Mtu asiyefanya jambo la aibu, alisema, hana haja ya giza.

Mimi naamini hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Mahali ambapo kiumbe mzee hutupwa akishakuwa hana kazi, sioni mpaka wa kutupa huko utawekwa wapi. Leo paka, kesho nani?

Mdogo wangu wa miaka sita alikuwepo. Mama alitaka aambiwe Balozi amekwenda kuishi kwa shangazi, Malindi. Hawe alikataa. Alimketisha akamwambia amekufa, moyo wake ulikuwa umechoka, hatarudi. Mtoto akalia sana, akauliza kama alikufa na njaa, akaambiwa la, alikula omena. Hilo likamtuliza kuliko lolote. Kisha akaomba kuchimba. Tulimwachia achimbe kwa kijembe kidogo, nasi tukamalizia hadi futi tatu, ili mbwa wasije wakamfukua, na juu tukapanga mawe ya matumbawe. Rafiki yake aliyeko mwisho wa kijiji aliambiwa paka wao amehama mwaka 2024. Hadi leo huweka chakula mlangoni jioni.

Majirani waliopita njiani walisimama. Wawili walicheka, wengine walitoa pole kwa sauti ya chini kana kwamba wanaona haya. Hakuna aliyesema neno baya, angalau si mbele ya Hawe.

Wiki mbili baadaye, kabla sijarudi shuleni, yule jirani wa Panadol alikuja kuazima jembe. Mbwa wake alikuwa amegongwa na matatu asubuhi ile. Hawe akampa jembe, na akamwita mdogo wangu aende naye akamwonyeshe futi tatu ni kiasi gani.